Kibanda cha Noeli

Masisi ni nchi ya milima. Asubuhi ukungu hulala mabondeni, na ng'ombe hupanda mlimani polepole wakila majani yenye umande. Watu wa huko hulima maharage, mahindi na viazi. Tena hutengeneza jibini linalouzwa hata mjini Goma. Ukitoka Masisi na kushika njia ya magharibi, unapita Nyabiondo, kisha Kashebere. Kadiri unavyoendelea, milima hupungua na miti huongezeka. Mwishowe unaingia katika msitu mkubwa wa Walikale. Huko kuna joto na mvua nyingi. Watu hula ndizi, mihogo na wali, na hupika kwa mafuta ya mawese. Teritware ya Walikale ni kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu.

Watu wa Masisi na watu wa Walikale ni majirani tangu zamani. Huuziana vyakula sokoni, huoana, tena hutembeleana wakati wa furaha na wakati wa msiba.

Siku chache kabla ya Noeli, jamaa za Wakristu katika nchi hizi hufanya kazi moja ya kupendeza. Hutengeneza kibanda kidogo, mfano wa zizi la Betlehemu alimozaliwa Mtoto Yesu. Kazi hiyo si ya mtu mmoja. Baba hukata vijiti na kuvifunga kwa kamba. Mama hukanda udongo na kukandika kuta. Watoto hutafuta vitu vya kupambia: maua meupe ya pareto, manyoya ya kuku, maganda ya mahindi. Kila mmoja ana sehemu yake, hata mtoto ambaye bado hajui kufunga vifungo vya shati lake.

Desturi hii ni ya zamani sana. Katika mwaka 1223, Mtakatifu Fransisko wa Asizi alikuwa katika kijiji cha Greccio, nchini Italia. Usiku wa Noeli alitayarisha hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho yao namna Mwana wa Mungu alivyozaliwa katika umaskini. Tangu hapo desturi ya kutengeneza zizi la Noeli ikaenea katika nchi nyingi, mpaka ikafika kwetu.

Mataifa mengine wana nyumba ndogo za namna nyingine. Huko Ujerumani na nchi za jirani, watu huoka mikate migumu yenye tangawizi na asali, wakaisimamisha iwe kuta na paa. Gundi yao ni sukari iliyopondwa laini na kukorogwa na ute wa yai. Kisha baba, mama na watoto huketi mezani pamoja, wakaipamba nyumba hiyo kwa peremende za rangi. Ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha mwaka 1812 hadithi ya watoto wawili waliopotea msituni wakakuta nyumba ya mkate, yenye madirisha ya sukari. Na katika mji wa Bergen, nchini Norwe, tangu mwaka 1991 watoto na wakubwa hujenga kila mwaka mji mzima wa mikate ya tangawizi: nyumba, makanisa, hata meli. Mwaka 2009 mtu mmoja aliingia usiku akauvunja-vunja mji huo. Watu wa Bergen walihuzunika sana. Lakini hawakukaa kulia. Waliwasha majiko yao, wakaoka upya, wakaujenga tena mji wao mdogo kabla ya Noeli kufika.

Sasa sikieni habari ya jamaa moja ya kwetu.

Jamaa hiyo ilikaa juu ya kilima karibu na Nyabiondo. Baba alikuwa mzaliwa wa Masisi. Mama alikuwa binti wa Walikale. Watoto wao walikuwa wanne: mvulana wa miaka kumi na mitatu, msichana wa miaka kumi, mvulana mwingine wa miaka saba, na kitinda mimba aliyekuwa na miaka minne tu. Kila mwaka walitengeneza kibanda chao kwa namna yao wenyewe. Udongo wa kuta ukiwa bado mbichi, watoto walibandika humo punje za maharage, nyekundu, nyeupe, nyeusi na zenye madoadoa, mpaka ukuta ukapendeza kama kitenge kipya. Baada ya sikukuu, mama alizitoa punje hizo, akazisafisha na kuzirudisha katika mbegu. Hakuna kilichopotea.

Katika mwaka 2024 mapigano yalifika katika milima mingi ya Masisi. Watu wengi walikimbia. Jamaa hii nayo ilikimbia, ikashika njia ya Kashebere kwenda kwao mama. Baba alibeba sufuria na blanketi mbili. Mvulana mkubwa alimbeba kitinda mimba. Mama alifunga maharage yake ya mbegu katika ncha ya kitenge. Walitembea siku nyingi. Njiani walikula sehemu ya mbegu zile, kwa maana njaa haina simile. Walipofika kwa nyanya, karibu na mto Lowa, yalikuwa yamebaki maharage ya kujaza kopo moja tu.

Nyanya aliwapokea vizuri. Aliwapa chumba kimoja cha kulala, akawapikia ndizi na sombe. Lakini mama hakukubali maharage yale yapikwe. Aliyatia katika kikapu kidogo, akakitundika juu ya moto jikoni, moshi uyalinde na wadudu. Aliwaambia watoto, "Haya ndiyo shamba letu. Siku tutakaporudi, tutapanda nini tukiyala?"

Noeli ikakaribia. Siku moja jioni mama alisema, "Haya, watoto wangu, tufanye kibanda chetu."

Wadogo walifurahi. Lakini mvulana mkubwa alibaki ameketi mlangoni, amegeuza mgongo. "Mimi sifanyi," akasema. "Nyumba yetu tumeiacha mlimani. Labda imekwisha kuchomwa. Tunalala watu sita katika chumba kimoja cha nyanya. Kwa nini tujenge nyumba ya kuchezea?"

Mama akanyamaza. Baba pia akanyamaza. Siku nyingine baba angemkemea mtoto anayejibu hivyo mbele ya nyanya yake. Siku ile hakumkemea, kwa sababu maneno yale yalikuwa moyoni mwake yeye mwenyewe.

Kesho yake baba alianza kazi na wale wadogo. Hakuna mianzi mingi karibu na kijiji kile, basi alikata vijiti vya miwale. Akavisimamisha, akavifunga kwa kamba za msituni, na mama akaleta udongo wa kando ya mto. Ilipofika kazi ya paa, kukatokea shida. Baba alitaka paa la nyasi kama kwao mlimani. Alikuwa amekwisha kukata nyasi, akazifunga mafungu mafungu. Kumbe nyanya naye alikuwa amekwenda msituni, akarudi na mzigo wa majani mapana ya mangongo, ambayo watu wa Walikale huezekea vibanda vyao.

"Nyasi zitaoza," nyanya akasema. "Mvua ya huku si ya mlimani."

Baba hakumjibu. Mkwe mwenye adabu habishani na mama wa mke wake. Alishika nyasi zake tu, akatazama chini. Mama aliona jambo hilo, akamwonea haya mumewe na mama yake. Kisha akacheka kidogo, akasema, "Kuta ziwe za Masisi, na paa liwe la Walikale. Si ndiyo mimi mwenyewe? Nilizaliwa huku, nikaolewa kule. Na nyasi zako, baba wa watoto, zitakuwa kitanda cha Mtoto Yesu. Maana Mtoto halali juu ya paa."

Nyanya akacheka. Baba naye akacheka. Nyanya akapanga majani yake moja juu ya jingine, kama magamba ya samaki, na baba akaweka nyasi ndani.

Wakafinyanga sanamu za udongo. Msichana alifinyanga Bikira Maria na Mtakatifu Yosefu. Mvulana wa miaka saba alifinyanga ng'ombe mwenye pembe ndefu. Nyanya alifinyanga mbuzi na kuku, akisema kwamba katika kijiji chake hakuna ng'ombe. Kitinda mimba alifinyanga kitu kikubwa chenye mikono mirefu. Walipomwuliza ni nini, akajibu, "Ni ngagi. Naye anakaa msituni. Naye aje kumtazama Mtoto." Wote wakacheka, lakini ngagi akapewa nafasi yake karibu na mlango.

Lakini mlango wenyewe haukuwapo. Baba alimwita mvulana mkubwa. Hakumwambia neno juu ya hasira yake. Alimpa kisu na kipande cha ubao, akasema tu, "Mwanangu, mikono yangu ni mikubwa mno kwa kazi hii. Nitengenezee mlango."

Mvulana akapokea kwa mikono miwili, kwa kuwa baba yake ndiye aliyempa. Akaanza kuchonga bila kusema. Alichonga mbao mbili nyembamba na komeo dogo la mti. Dada yake akatazama, akasema, "Umekosea. Mlango wetu ulifunguka kwa ndani."

"Hapana," akasema mvulana, "ulifunguka kwa nje. Mimi ndimi niliyekuwa nikiufunga kila jioni."

"Ule wa jiko ndio uliofunguka kwa nje," akasema yule wa miaka saba. "Wa nyumba ulifunguka kwa ndani, na ulilia *kwii*."

"Na dirisha lilikuwa upande wa kulia," akasema msichana, "mahali ulipoonekana mti wa parachichi."

Basi wakaanza kubishana, huyu akisema hivi na huyu hivi, juu ya mlango, na dirisha, na mawe matatu ya jikoni, na mahali ambapo ng'ombe alifungwa usiku. Mvulana mkubwa akasahau kununa. Akatoboa dirisha katika ukuta upande wa kulia. Akaugeuza mlango, ukafunguka kwa ndani. Baba na mama walikaa wakisikiliza. Hakuna aliyelia. Walikuwa wakiiona nyumba yao.

Ndipo mama akashusha kikapu kilichokuwa juu ya moto. Alikaa nacho mapajani kwa muda, akihesabu kwa kichwa. Kisha akasema, "Kila mtu punje tatu. Si zaidi. Hatuzitupi, tunaziazima tu. Baada ya sikukuu zinarudi katika kopo."

Walikuwa watu saba: baba, mama, nyanya na watoto wanne. Tatu mara saba ni ishirini na moja. Kila mmoja alichagua rangi zake na mahali pake. Nyanya alibandika zake chini ya paa. Msichana alizizungusha dirisha. Kitinda mimba alibandika mbili, na ya tatu akaitia kinywani, akaitafuna mbichi, mpaka mama akamfumbua meno. Walikuwa wamechelewa, ilikuwa imekwisha kuvunjika. Zikabaki ishirini. Mvulana mkubwa alikuwa wa mwisho. Alibandika zake juu ya mlango, nyekundu katikati na nyeupe pande mbili.

Kibanda kikawekwa barazani. Majirani walikuja kukitazama, na watoto wao wakasimama mbele yake muda mrefu. Usiku wa Noeli jamaa nzima ilisali hapo, kisha wakala wali na samaki ya mtoni.

Baada ya sikukuu ya Epifania, mwanzoni mwa mwaka 2025, mama alikwenda kuzitoa punje zake. Akapiga kelele, "Yesu Maria!" Mvua ya upepo ilikuwa imepiga ubavu mmoja wa kibanda kwa siku kadhaa. Udongo ulilowa, na maharage yakaanza kuota ukutani! Machipukizi meupe yalikuwa yametoka, yamejikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Watoto walicheka na kupiga makofi. Mama hakucheka. Punje nane zilikuwa bado kavu. Alizirudisha katika kopo. Lakini zilizoota zilikuwa kumi na mbili, na mbegu iliyoota hairudi kapuni.

"Nimepoteza punje kumi na tatu kwa mchezo," akasema kwa uchungu.

Nyanya akamshika bega. "Binti yangu, hazijafa. Udongo wa msitu huu si rafiki wa maharage ya mlimani. Lakini nyuma ya jiko nilimwaga majivu na maganda miaka mingi. Tujaribu pale."

Mvulana mkubwa alikata ukuta ule vipande vipande, akavipeleka nyuma ya jiko bila kuvunja machipukizi. Akavifukia, akasimika vijiti vya miwale vya kibanda kile kile, maharage yapate kupanda juu. Miche mitano ilioza kwa mvua. Saba ikaishi.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule ule, mapigano yalifika Walikale penyewe. Jamaa ikakimbia tena, safari hii pamoja na nyanya. Walijificha msituni majuma matatu. Walitoka mbio usiku, hata mama hakupata nafasi ya kushusha kikapu chake. Kule msituni alikuwa akikitaja kila jioni.

Katika mwezi wa nne walirudi kijijini. Mlango wa nyanya ulikuwa umevunjwa. Mbuzi hawakuwapo. Mama alikimbilia jikoni, akatazama juu ya moto. Kikapu hakikuwapo. Mbegu zote alizozilinda, ambazo hakuzipika hata watoto walipolia njaa, zilikuwa zimechukuliwa. Mama akakaa chini, akafunika uso wake kwa kitenge.

Mara wakasikia sauti ya kitinda mimba nyuma ya jiko. "Mama! Kibanda kimezaa!"

Wakaenda wote. Magugu yalikuwa yamefunika mahali pale. Lakini juu ya magugu vilisimama vijiti vya miwale, na juu ya vijiti maganda ya maharage yalikuwa yamening'inia, makavu na ya rangi ya majani ya chai. Aliyevunja mlango hakufikiri kutazama nyuma ya jiko. Watoto waliyachuma wakayapukuchua juu ya blanketi. Mengine yalikuwa yameharibika kwa unyevu. Mazima yakatiwa katika kopo la zamani lililoachwa jikoni. Kopo likajaa, ila upana wa kidole kimoja.

Baba alilitikisa kopo, akalisikiliza. Mvulana mkubwa akauliza, "Baba, Noeli ijayo tutajenga kibanda wapi?"

"Sijui, mwanangu," baba akajibu. "Pengine mlimani, pengine hapa. Wewe utatengeneza mlango."

"Na kila mtu punje ngapi?" akauliza kitinda mimba.

Mama akafuta macho, akalichukua kopo kutoka mkononi mwa mumewe. Akatazama ndani. "Kila mtu nne," akasema. "Lakini wewe nitakushika mdomo."

Wazee walisema kweli: haba na haba hujaza kibaba.

MASWALI

1. Masisi na Walikale zinatofautiana namna gani?
2. Watu wa Bergen walifanya nini mwaka 2009 mji wao mdogo ulipovunjwa?
3. Kwa nini mvulana mkubwa alikataa kujenga kibanda? Ni kazi gani iliyombadilisha?
4. Mama alimalizaje shida ya paa pasipo kumwaibisha mtu?
5. Kati ya punje ishirini na moja, ngapi ziliishi na kuzaa? Nyingine zilipatwa na nini?
6. Waulize wazee wa nyumbani kwenu: walipokuwa watoto, walitengeneza nini pamoja siku za Noeli?